Programu za baruapepe zinachanganya siri za wateja wetu na hakuna anayejali!

Wakuu, nina hasira na sifichi.

Nashughulikia baruapepe za wateja wanne kwenye programu ya Thunderbird. Kila mmoja kanikabidhi kikasha chake nijibu kwa niaba yake. Wanajua kwamba nina wateja wengine, lakini hakuna anayepaswa kujua ni akina nani, na barua zao hazitakiwi kukutana.

Jumanne nilikuwa naandika ujumbe wa mteja wa kwanza, ndani yake kuna bei mpya anayompa mnunuzi wake. Kwenye "Kwa" nikaandika herufi tatu za jina, programu ikamalizia yenyewe, nikabonyeza Tab, nikatuma. Kumbe anwani iliyojazwa ni ya mtu mwingine kabisa, wa kwenye kikasha cha mteja wa tatu! Mteja wa kwanza hajawahi kumwandikia mtu huyo hata siku moja. Programu ilimtoa wapi? Kwenye orodha ya anwani inayojikusanya kila unapotuma ujumbe, na orodha hiyo ni moja kwa akaunti zote. Hakuna aliyeniuliza kama naitaka iwe hivyo.

Kuurudisha haikuwezekana. Ujumbe ukishapokelewa na seva (kompyuta inayopokea na kutuma barua) ya upande wa pili, umetoka mikononi mwako. Nikampigia mteja simu, nikamweleza ukweli wote. Alinyamaza, kisha akauliza: "Kwa hiyo na barua zangu zinawafikia wengine?" Niliumia sana, kwa sababu sikuwa na jibu la kumtuliza.

Na hilo "Kutoka" nalo, sehemu inayoonyesha ujumbe unatumwa kwa akaunti ipi! Ni kamstari kadogo juu ya dirisha, hakuna rangi wala onyo. Ukianzisha ujumbe ukiwa kwenye folda za pamoja, zile zinazoonyesha barua za akaunti zote, programu inajichagulia akaunti ya chaguo-msingi, wewe ukijua unaandika kwa jina la fulani. Mbaya zaidi ni seva ya kutuma. Akaunti mpya ikiachwa itumie ile ya chaguo-msingi, barua ya mteja mmoja inapitia seva ya mwenzake. Jina la seva hiyo linabaki kwenye vichwa vya ujumbe, yaani ile mistari ya juu inayoeleza ulikopitia, na mpokeaji akifungua chanzo cha ujumbe analisoma waziwazi.

Najua mtaniambia nitumie profaili tofauti. Ndiyo, Thunderbird inazo, unaifungua kwa kuongeza -P kwenye amri ya kuiwasha ili uchague profaili, na kila profaili ina folda zake, kitabu chake cha anwani na manenosiri yake. Ndivyo ninavyofanya tangu Jumatano. Lakini mbona kitu muhimu hivi kimefichwa kiasi kwamba mtu anakijua baada ya kuumia? Na msijidanganye na nenosiri kuu la programu: linafunga manenosiri yaliyohifadhiwa, lakini ujumbe wenyewe unabaki wazi kwenye diski. Mtu akiishika kompyuta yako, anasoma. Fungeni diski nzima kwa usimbaji, yaani data isisomeke bila nenosiri.

Ninachodai si kikubwa. Mapendekezo ya anwani yatoke kwenye akaunti ninayoandikia, basi. Na nikitaka kumtumia mtu ambaye akaunti hiyo haijawahi kuwasiliana naye, programu isimame iniulize kwanza. Kama yupo hapa anayetumia programu inayofanya hayo mawili bila kuongezewa kitu, aitaje, nihamie leo hii.