Naomba ushauri: harufu ya maji taka kutoka kwenye mashine ya kufulia

Ndugu wenye uzoefu wa mabomba, naomba mnisaidie kutafuta chanzo cha harufu mbaya inayotoka kila mashine yangu ya kufulia inapoanza kumwaga maji. Niliishuku kwanza mashine yenyewe, kwa kuwa mabaki ya sabuni na nyuzi za nguo huoza taratibu kwenye mpira wa mlango na kichujio cha pampu. Nimevisafisha vyote, nikaiendesha tupu kwa maji ya nyuzijoto 90, na sasa ndani hainuki hata kidogo. Harufu imebaki ukutani, pale paipu yake inapoingia kwenye bomba la maji machafu.

Ninavyoelewa, bomba hilo hutakiwa kuwa na kipinda kinachobakiza maji ili hewa ya mtaroni isipande. Pampu inaposukuma maji, sinki la karibu hugugumia, jambo linalonifanya nidhani kwamba bomba la kupumulia, lile linaloingiza hewa kwenye mabomba ya maji machafu, limeziba na maji ya kipinda yanafyonzwa. Fundi amependekeza tuzibe kwa silikoni nafasi inayozunguka paipu. Mimi nasita, kwani nafasi hiyo ndiyo inayoingiza hewa, na ikizibwa, maji machafu yanaweza kuvutwa kurudi mashineni.

Je, nikimimina maji bombani na harufu ikakoma hadi ufuaji unaofuata, huo utakuwa ushahidi wa kutosha, au kuna kipimo kingine cha kufanya kabla ya kuvunja ukuta?