Nataka kumpeleka mama Ngazija, kwao na babu. Waliofika naombeni ushauri

Binti Mikindani

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa wote shikamooni.

Niko Mikindani, Mtwara. Mama yangu ana miaka 71. Baba yake, yaani babu yetu, alikuwa Mngazija, mtu wa kisiwa cha Ngazija huko Komoro. Alikuja kijana kwa jahazi, akaoa hapa Mikindani, akawa fundi wa kushona kanzu na kofia mpaka Mungu alipomchukua. Mama alikuwa na miaka tisa tu. Kilichobaki kwa babu ni kofia moja na barua ya kurasa mbili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mashehe wawili wameitazama, wanasoma herufi lakini wanasema maneno hayashikiki. Mama mwenyewe amebaki na neno moja la baba yake: "kwetu Mbeni."

Mwaka jana aliugua sana. Tangu apate nafuu kila siku anataja Mbeni. Hataki kutembezwa ufukweni wala kupigwa picha, anataka kufika mahali baba yake alipozaliwa, awaone watu wa huko hata kama ni wajukuu wa wajukuu, asome Fatiha, arudi nyumbani. Mimi ndiye mtoto niliye karibu naye na nimeapa kumpeleka akiwa bado ana miguu.

Pesa yangu ni ya korosho. Malipo ya mnada yakiingia, Desemba au Januari nitakuwa nazo. Jirani ananishauri tupande chombo cha mizigo hapahapa bandarini Mtwara, anasema ni rahisi kuliko kupanda basi hadi Dar halafu ndege. Kifaransa sijui hata neno. Sijawahi kutoka nje ya Tanzania, na mama pia. Nianzie wapi?

---

Nahodha wa Msangamkuu

Wa alaikum salaam mwanangu. Marahaba.

Mimi nimekula chumvi ya bahari hii miaka mingi, kwa hiyo nijibu la chombo tu, mengine wataeleza wengine. Jirani yako hakukosea kwenye ukaribu. Kutoka Mtwara mpaka Moroni kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 370. Dar kwa mstari huohuo ni kama 400. Kwa barabara Dar ni zaidi ya 550. Kwa hiyo Ngazija ni jirani yetu kuliko Dar, na wazee wetu walilijua hilo, ndiyo maana babu yako akatua Mikindani.

Lakini ukaribu wa ramani na ukaribu wa maji ni vitu viwili. Mkondo mkubwa wa bahari unaotoka mashariki unagonga pwani hapahapa kwetu kusini na kugeuka kwenda kaskazini. Chombo cha kwenda Ngazija kinaukata mkondo huo, na katikati hakuna kisiwa cha kujificha. Wakati wa kusi unakwenda ukiwa na upepo usoni. Wakati wa kaskazi upepo unakubali zaidi, lakini ndiyo miezi ya vimbunga. Kenneth aliipiga Ngazija tarehe 24 Aprili 2019 na kesho yake akaingia Cabo Delgado, Msumbiji. Siku hiyo watu wa Mtwara tulihamishwa kutoka pwani, bila shaka unakumbuka.

Chombo cha mizigo kimejengwa kubebea mizigo. Mama wa miaka 71 atalala juu ya nini? Akitapika siku nzima nani atamtazama? Mimi mama yangu nisingempandisha, na nasema hivyo nikiwa mtu wa bahari. Panda ndege.

---

Mwalimu Nachingwea

Namuunga mkono nahodha. Mimi nilikwenda Moroni kwenye harusi ya rafiki niliyesoma naye Dar, kwa hiyo nakueleza njia niliyopita.

Air Tanzania inaruka kutoka Dar hadi Hahaya, ndiyo uwanja wa Ngazija, kaskazini ya Moroni. Angani si zaidi ya saa mbili. Tatizo lako litakuwa Mtwara hadi Dar. Kama pesa inaruhusu, kwa ajili ya mama, unganisha ndege tangu Mtwara. Kama ni basi, usisafiri siku moja kabla ya ndege. Fika Dar siku tatu kabla, mama apumzike kwa ndugu. Unajua barabara yetu: mvua ikizidi, Somanga panakatika. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, watu walikwama pale na mabasi yao. Ndege ya nje haimsubiri mtu wa Somanga.

Viza mimi nilipewa uwanjani nilipotua, nikalipa kwa euro. Kabla ya kukata tiketi piga simu ubalozi wa Komoro, upo Dar es Salaam, wakwambie utaratibu wa sasa na ada. Tanzania nayo ina ubalozi Moroni, chukua namba yao pia ukae nayo kwenye pochi.

Pasipoti muanze sasa, msingoje korosho. Ada ni shilingi 150,000 kwa kila mtu. Yako haitasumbua. Ya mama ndiyo itakayochukua muda kwa sababu wazee wetu wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na wataulizia wazazi. Shughulikieni cheti RITA mapema. Na akiulizwa baba yake alikuwa nani, aseme Mngazija, aliishi Mikindani, kaburi lake liko pale. Asifiche kitu. Ukweli ndio unaokwenda haraka.

Pesa: shilingi yetu huko hutaibadilisha. Nunua euro Dar, noti ndogondogo. Euro moja ni kama faranga 492 za Komoro, na haipandi wala haishuki kwa sababu faranga yao imefungwa kwenye euro. Usitegemee kadi ya benki. Na jiandae, maisha kule ni ghali kuliko Mtwara, kwani mchele, kuku wa barafu, saruji, karibu kila kitu kinaletwa kwa meli.

---

Kijana wa Lindi

Dada hongera kwa moyo huo. Desemba na Januari kuna joto kali na mvua. Kwa nini usingoje Julai au Agosti? Ni kipupwe, bahari safi, na mnaweza kuunganisha hadi kisiwa cha Mwali mkaone kasa Itsamia na nyangumi wanaopita miezi hiyo. Kwenda mpaka kule na kuona kijiji kimoja tu ni hasara.

---

Binti Mikindani

Asante mdogo wangu, lakini safari hii ni ya mama. Kasa hata kwetu wapo, na nyangumi wanapita mpaka Msimbati. Kijiji hicho kimoja ndicho tunachokifuata.

Nahodha, shikamoo tena, nimekuelewa. Chombo nimekifuta kabisa. Mwalimu, la pasipoti sikuwa nimelifikiria, nilidhani ni jambo la wiki moja.

---

Mjukuu wa Itsandra

Dada yangu, nimesoma habari ya mama yako mara mbili. Mimi nimezaliwa Dar, bibi yangu mzaa mama ametoka Itsandra, na nimekwenda Ngazija mara nne. Naomba uvumilie nikiandika kwa urefu, kwa sababu tiketi na viza kila mtu atakwambia, hili la ndugu wengi hawalijui.

Mbeni ipo kweli. Ni mji wa eneo la Hamahame, upande wa kaskazini-mashariki ya Ngazija. Uwanja wa ndege uko magharibi, kwa hiyo mtazunguka kwa gari upande wa kaskazini kupitia Mitsamihuli. Lakini Mbeni ni mji mkubwa. Ukifika ukasema "namtafuta ndugu wa fulani aliyekwenda Mtwara", utapata wazee kumi, kila mmoja ana mjomba aliyepotelea bara.

Kinachomtambulisha mtu Ngazija ni *inya*, ukoo wa upande wa mama. Nyumba na mashamba ya ukoo, wanaita *manyahuli*, hushikwa na wanawake na kwenda kwa mabinti. Mwanamume anazaliwa nyumba ya mama yake, na akioa anahamia nyumba ya mkewe. Kwa hiyo jina la baba wa babu yako halitakusaidia sana. Tafuta jina la mama yake babu, au dada yake. Ukiwa na jina la mwanamke mmoja tu, wazee watakupeleka mpaka mlangoni.

Na hapohapo kuna jambo la heshima. Mama yako ni mtoto wa mwanamume wa ukoo ule, mama yake ni wa Mikindani. Kwa desturi yao hana fungu kwenye manyahuli. Watampokea kama damu yao, watalia naye, nimeliona hilo kwa macho yangu. Lakini mgeni anayetokea bara baada ya miaka sitini akiuliza nyumba ya babu iko wapi, kuna atakayeingiwa na hofu kwamba amekuja kudai. Siku ya kwanza kabisa, mbele ya wazee, semeni: tumekuja kutoa salamu na kumsomea mzee wetu, hatuna tunalodai. Mseme kabla hamjaulizwa. Mtaona nyuso zinavyofunguka.

Barua: mashehe hawakushindwa kwa upungufu wa elimu. Nadhani hiyo ni Kingazija kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili. Anayejua Kiarabu peke yake atasoma sauti asipate maana. Mpelekee Mngazija mtu mzima, Dar na Unguja wapo wengi. Piga picha kurasa zote mbili, pande zote, barua yenyewe usimwachie mtu. Salamu za mwanzo katika barua za zamani hutaja watu wa nyumbani mmoja mmoja. Huenda jina unalolitafuta limo humo miaka yote hii.

Lugha isikutie hofu. Kingazija na Kiswahili ni ndugu, siku ya tatu masikio yanazoea, na watu wazima wengi waliowahi kuishi Unguja au Dar wanazungumza Kiswahili kizuri. Jambo moja mama alijue: kule "marahaba" maana yake ni asante. Atakapompa mtoto peremende na mtoto akasema marahaba, hajamkosea adabu.

Sasa muda. Kijana wa Lindi ana sababu yake na dada una yako. Julai na Agosti Wangazija walioko Ufaransa hurudi kwa ajili ya ndoa kubwa, *anda*. Mji unajaa, tiketi zinapanda, magari hayapatikani. Lakini ndiyo miezi ambayo ukoo wote uko nyumbani, na kwa anayetafuta ndugu hilo ni kubwa. Desemba na Januari ni mvua na vimbunga, sikushauri. Mimi ningekwenda Juni, kabla ya msongamano. Kiangazi kimeanza, wazee wapo, na wewe utakuwa na miezi ya kutosha ya barua na pasipoti. Pesa ya korosho ikiingia, nunua tiketi hapohapo, kwa sababu pesa ya msimu tunajua inavyoisha kabla ya masika.

---

Nesi Masasi

Naongezea ya afya. Mama kama anatumia dawa za presha au sukari, mbebe za kutosha safari nzima na wiki mbili za ziada, kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano muwe nacho. Mwambieni daktari umri wa mama kabla ya kuchanjwa, kwa sababu waliopita miaka 60 hupimiwa faida na hatari yake kwanza. Hilo msilifanye siku ya mwisho.

Maji: Ngazija haina mito ya kudumu, mvua inazama kwenye mawe ya volkano ya Karthala, na nyumba nyingi zinakinga maji kwenye matangi. Mama anywe ya chupa au yaliyochemshwa. Mwaka 2024 walipata mlipuko wa kipindupindu, na wagonjwa wa mwanzo walikuwa kwenye boti iliyotoka huku kwetu. Hiyo ni sababu nyingine ya kuachana na chombo. Chandarua mbebe.

---

Binti Mikindani

Nimeyasoma yote na mama pembeni, nikimsomea kwa sauti. Mjukuu wa Itsandra, Mungu akulipe. La manyahuli limemgusa. Amesema, "Mwambie sina ninachotaka zaidi ya kuona mlango."

Bado moja. Shangazi mmoja wa huku anasema baadhi ya watu wa babu walihamia kisiwa cha Maore (Mayotte), na kwamba kutoka kisiwa cha Nzuani ni masaa machache kwa boti. Tukiwa huko tunaweza kuvuka?

---

Mjukuu wa Itsandra

Hapana dada, tafadhali. Maore iko chini ya Ufaransa, tangu 2011 ni mkoa wao kamili, na viza ya Komoro haikuingizi. Zile boti za usiku kutoka Nzuani zinazoitwa *kwassa* zimezamisha watu wengi sana, wakiwemo kina mama na watoto wachanga. Mtu akikupa bei, ondoka. Kama ndugu wa Maore wapo, watu wa Mbeni watakuwa na namba zao, mtazungumza kwa simu.

---

Nahodha wa Msangamkuu

Mwanangu, ukipita Mbeni chukua udongo kidogo kama wenyewe wataridhia, umletee babu yako pale Mikindani. Na wewe upeleke kidogo wa kwake.

---

Binti Mikindani

Nimelia, baba. Tutafanya hivyo.

Barua nimeipiga picha leo, kurasa nne kwa sababu nyuma pia kuna maandishi ambayo hatukuwahi kuyaona. Zimeshapelekwa kwa mzee mmoja wa Unguja kupitia kwa binamu yangu. Jana usiku mama alikaa muda mrefu kimya, kisha akasema baba yake alipokuwa akishona alimtaja sana mtu anayeitwa Mna Hadija, na yeye kwa utoto wake alidhani ni jina la wimbo. Nimeliandika kwenye daftari. Jumatatu asubuhi tunakwenda kuulizia cheti cha kuzaliwa.