DD 214 ina makosa, aliachishwa 2008: atumie fomu ipi?

Muulizaji: Wakuu, askari wa zamani wa Jeshi la Marekani, DD 214 yake (cheti cha kuachishwa jeshini) imeruka nishani moja, na kisanduku cha 24, cha hadhi ya kuachishwa, kinasema General (hadhi ya chini kidogo) badala ya Honorable (ya heshima kamili). Aanzie wapi?

Jibu: Usichanganye, mkuu. Nishani (kisanduku cha 13) ni kosa la kiofisi: aambatishe nakala ya amri ya kutunukiwa. Hapewi DD 214 mpya, anapewa DD 215 ya kuambatana nayo. Kisanduku cha 24 ndicho chenye kazi. DD 293, fomu ya kuomba hadhi hiyo ipitiwe upya, ni ya waliotoka ndani ya miaka 15, yeye keshapitwa. Ajaze DD 149, fomu ya kuiomba bodi ya kurekebisha kumbukumbu za jeshi.

Jibu: Kweli, ila DD 149 nayo ina miaka 3 tangu kosa ligundulike. Ikipita, aeleze kwa nini bodi imsamehe kuchelewa. Wengi huacha wazi hapo. Kwanza aombe jalada lake zima la utumishi kwa SF 180, fomu ya kuomba kumbukumbu za jeshi. Bodi huamini kumbukumbu ni sahihi mpaka athibitishe vinginevyo, kwa hiyo malalamiko matupu hayasaidii. Alete ripoti za utendaji, vyeti vya hospitali, maelezo yaliyosainiwa ya waliokuwapo.

Muulizaji: Na kama ni marehemu?

Jibu: Mjane au mrithi anaomba, na cheti cha kifo.