Mjadala: Je, riwaya za mapenzi za enzi ya Regency zinadumu kwa sababu zinaficha ukweli wa enzi ile?

MLETA MADA

Imekuwa kawaida kusikia kwamba riwaya za mapenzi zenye mandhari ya Uingereza ya mwanzoni mwa karne ya 19 hupendwa kwa sababu moja tu, nayo ni kumpumzisha msomaji kwa kumpeleka kwenye dunia ya magauni, magari ya farasi na karamu za dansi ambayo haikuwahi kuwako. Wapo wanaoongeza kuwa anayezipenda anasaidia, hata bila kujua, kulisafisha jina la tabaka lililoishi kwa jasho la wengine. Nina hoja tofauti, na ningependa anayeipinga aipinge kwa ushahidi: riwaya hizi zimedumu kwa sababu zimejengwa juu ya hofu ya kweli, hofu ya mwanamke asiye na mali katika nchi ambayo sheria na desturi zake hazikumwachia njia ya kuishi kwa heshima isipokuwa ndoa.

Enzi yenyewe, iitwayo Regency, yaani utawala kwa niaba ya mfalme, ilikuwa fupi. Ilianza Februari 1811, mwana wa mfalme George III aliposhika madaraka kwa niaba ya baba yake aliyeugua akili, ikaisha Januari 1820 mfalme alipofariki. Ndani ya miaka hiyo zilichapishwa riwaya zote sita kuu za mwandishi Mwingereza Jane Austen, mbili za mwisho zikitoka mwishoni mwa 1817, miezi michache baada ya kifo chake.

Tazama jinsi riwaya yake Pride and Prejudice ya 1813 inavyowatambulisha watu kwa mapato yao. Bwana Darcy ana pauni 10,000 kwa mwaka, Bwana Bingley elfu nne au tano, na Bwana Bennet, baba wa mabinti watano, pauni 2,000. Lakini mali ya Bennet imefungwa kisheria isirithiwe ila na mwanamume, kwa hiyo siku atakayokufa nyumba itakwenda kwa Bwana Collins, ndugu wa mbali, na mjane na mabinti zake watabaki na riba ya fedha kidogo. Wasomaji wengi humcheka Mama Bennet kwa jinsi anavyowahangaikia wachumba, nami naona wanamwonea, kwa sababu katika nyumba ile ni yeye anayeibeba kila siku hesabu ambayo mumewe ameikwepa kwa kujifungia maktabani. Charlotte Lucas, mwenye umri wa miaka 27, anamkubali Collins huku akijua fika kuwa ni mpumbavu, kwa kuwa anataka nyumba ya kuishi. Rafiki yake anasikitika, lakini riwaya haimwadhibu.

Ndoa nayo haikuondoa hatari. Fedha na vitu vya mke vilikuwa vya mume, isipokuwa pale ambapo familia iliwahi kuweka mkataba maalumu wa kuvilinda, na hali hiyo ilianza kubadilika kwa sheria za 1870 na 1882 tu. Hadi 1857, talaka iliyoruhusu kuoa au kuolewa tena ilihitaji sheria maalumu ya Bunge, jambo lililowezekana kwa matajiri wachache, karibu wote wanaume. Ndiyo maana mazungumzo yale yenye adabu nyingi, ya chai na ya dansi, humshika msomaji wa leo pumzi: binti anapojiuliza huyu bwana ni mtu wa namna gani, akikosea jibu hana pa kurudi. Austen aliyajua hayo kwa mwili wake. Mwaka 1802 alikubali posa ya mrithi wa mali nyingi, akaikataa asubuhi iliyofuata. Baba yake alipofariki 1805, yeye, mama yake na dada yake Cassandra waliishi kwa kuwategemea kaka zake, hadi kaka yao Edward alipowapa nyumba huko Chawton mwaka 1809.

Waandishi waliofuata, kuanzia Georgette Heyer na Regency Buck yake ya 1935, wamefaulu kila walipoibakiza hatari hiyo. Wanapoiondoa, duke, mwenye cheo cha juu kabisa cha ukabaila, akawa mume tajiri tu wa kutamaniwa, nguo hubaki na hadithi hufa.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mleta mada, umeieleza vizuri hofu ya mwanamke mwenye mtumishi wa kumvalisha. Nakuuliza juu ya aliyefua lile gauni, na zaidi juu ya aliyekata miwa iliyoweka sukari katika chai unayoitaja. Sheria ya 1807 ilipiga marufuku biashara ya watumwa katika himaya ya Uingereza, lakini utumwa wenyewe uliendelea katika visiwa vya Karibi enzi yote ya Regency. Bunge lilipoufuta kwa sheria ya 1833, lilitenga pauni milioni 20 za fidia, nazo zikalipwa kwa wamiliki. Waliokuwa watumwa hawakupata kitu. Fedha za namna hiyo zilijenga baadhi ya nyumba ambazo leo tunazitazama tukitamani kuishi humo.

Katika Mansfield Park, riwaya ya Austen ya 1814, Sir Thomas Bertram anasafiri kwenda Antigua kushughulikia mali yake, na Fanny Price, mpwa wa mkewe, anapomuuliza juu ya biashara ya watumwa, chumba kinakuwa kimya kabisa. Mhakiki wa fasihi Edward Said alipoandika juu ya riwaya hiyo mwaka 1993, alituonyesha jinsi utulivu wa nyumba ile ya Kiingereza ulivyotegemea shamba lile la ng'ambo. Waandishi wa leo wamechukua nyumba wakaliacha shamba. Wametuongezea pia watu wenye cheo cha duke, ambao nchi nzima, nje ya ukoo wa mfalme, hawakufika arobaini, huku wale wafanyakazi wa Manchester walioshambuliwa na askari wa farasi Agosti 16, 1819, kwa kosa la kukusanyika kudai uwakilishi bungeni, ni nadra kuwaona hata kwa mbali. Hofu ya Charlotte Lucas ni ya kweli, siikatai, lakini riwaya inayoniomba nihofu kwa ajili yake peke yake imenichagulia nani wa kumwonea huruma.

MCHANGIAJI WA PILI

Kwa heshima zenu wote wawili, mnazungumza kana kwamba msomaji hufungua kitabu ili asome sheria ya mirathi. Katika shule za bweni za Kenya tulipokezana vitabu vya mapenzi vya Mills & Boon hadi vikachanika, na tulijua kabisa kuwa maisha si hivyo. Kilichonirudisha kwa Austen nikiwa mtu mzima ni yale yasiyosemwa. Katika riwaya yake Persuasion, Anne Elliot aliwahi kushawishiwa na wakubwa wake kumwacha Kapteni Wentworth, na baada ya miaka zaidi ya minane wamo chumba kimoja mbele za watu, hawawezi kuzungumza, ndipo kapteni anapoandika barua palepale mezani huku akiyasikia maneno ya Anne. Mtu aliyekulia pwani, ambako kanga hutumwa iseme lile ambalo mdomo hauwezi, haelezwi uzito wa barua ile. Mwondolee mwandishi mipaka ya adabu, uone kama barua hiyo itakuwa na kazi.

MLETA MADA

Dada yangu, nakubaliana nawe juu ya barua, ila naomba tuone kwamba mipaka hiyo ya adabu ilitokana na mali. Anne alishawishiwa kumwacha kapteni kwa sababu kijana huyo hakuwa na fedha.

Kwa ndugu wa kwanza: ukimya ule wa chumbani uliandikwa na Austen mwenyewe. Anayeuliza ni Fanny, mpwa maskini anayelelewa kwa hisani, na ni Sir Thomas yuleyule atakayemrudisha Portsmouth kwenye umaskini wa wazazi wake ili ajifunze kumkubali mchumba tajiri aliyemkataa. Siwezi kulinganisha mateso ya Fanny na ya mtumwa wa Antigua, wala Austen halinganishi, lakini mwenye amri juu ya wote wawili ni mmoja, na riwaya inatuachia tulione hilo. Kwa hiyo simtaki mwandishi wa leo ageuze kila hadithi ya mapenzi kuwa historia ya sukari. Ninamtaka afanye alichofanya Austen: akitutajia pato la bwana, atuambie linatoka wapi.

Tamthilia ya Bridgerton, iliyotokana na vitabu vya Julia Quinn na kuanza kuonyeshwa Desemba 2020, imefanya swali hili kuwa gumu zaidi kwa kumleta duke mweusi katika London ya 1813. Wapo watazamaji weusi waliofurahi kujiona wakipendwa na kuheshimiwa mahali walipozoea kuonekana wakiwa watumishi, na furaha hiyo siidharau. Lakini mwaka 1813 mashamba ya Jamaika yalikuwa bado yanalimwa na watumwa. Atakayechangia baada yangu naomba aanzie hapo: je, tamthilia inampa duke huyo heshima inapomwepusha na swali la mashamba hayo, au inamnyima historia yake?