Tupeane uzoefu: chuo chako cha Marekani kilipohama konferensi, watani wenu wa jadi waliishia wapi?

Ngano_za_Pullman (mwanzisha uzi):
Wakuu, salaam. Najua humu wapo waliosoma Marekani na wanaofanya kazi huko. Kwa wageni wa mambo haya: vyuo vya kule hucheza kwa makundi yanayoitwa konferensi, kila moja na ubingwa wake na mkataba wake wa televisheni. Zamani kundi lilikuwa la majirani. Leo chuo cha Los Angeles kiko kundi moja na cha New Jersey.

Mimi nilikuwa Pullman, mashariki mwa jimbo la Washington, mji uliozungukwa na mashamba ya ngano. Sisi ni Washington State. Watani wetu ni University of Washington, wale wa Seattle, watu wa zambarau, ambao kwao sisi ni watoto wa shamba. Mechi yetu ya futiboli ya Kimarekani inaitwa Apple Cup, na ilizoeleka kuchezwa mwishoni mwa Novemba. Ya 2022 ilikuwa kwetu, usiku. Nilivaa soksi jozi tatu, chokoleti ya moto ikapoa mkononi kabla sijafika nusu kikombe. Tukafungwa 51-33. Nilirudi bwenini sina sauti, na mwenzangu wa chumba, Mmarekani ambaye tangu Agosti salamu yake ilikuwa kutikisa kichwa tu, akanikaangia mayai. Tukala kimya kama watu wa msiba mmoja.

Tarehe 4 Agosti 2023 Washington na Oregon wakatangaza kwenda konferensi ya Big Ten. Siku hiyohiyo Arizona, Arizona State na Utah wakaenda Big 12. UCLA na USC, vyuo vya Los Angeles, walishaaga tangu 2022. Septemba Stanford na California wakaingia konferensi ya Pwani ya Atlantiki, na bahari ya kwao ni Pasifiki! Pac-12, konferensi yetu sote hao, yenye mizizi ya 1915, ikaachiwa vyuo viwili: sisi na Oregon State. Siku ile nilikuwa zamu jikoni. Mpishi wetu, mtu mzima mzaliwa wa pale, alisoma simu, akailaza kifudifudi, akaendelea kukata vitunguu. Hakutamka neno hadi zamu ikaisha.

Mechi haikufa, ila 2024 ilisogezwa Septemba. Tuliwafunga 24-19 hukohuko Seattle. Walikwama yadi moja kutoka mstari wetu, imebaki kama dakika moja. Nilishangilia nikiwa na fulana, jasho linanitoka. Apple Cup ya jasho, jamani! Haya, nani mwingine yalimkuta?

Dereva_Houston:
Mkuu, kwetu Texas hadithi ni kinyume. Vyuo vya Texas na Texas A&M walianza kuchapana 1894. A&M wakahamia SEC, konferensi ya kusini-mashariki, 2012, mechi ikakatika. Ya mwisho, Novemba 2011, Texas walishinda 27-25 kwa teke la sekunde za mwisho, na kila abiria wangu wa A&M alikuwa ananisimulia teke lile kama jana. Kisha Texas nao wakaingia SEC Julai 2024, wakakutana tena 30 Novemba, College Station. Siku hiyo nilimbeba mama mmoja kutoka Houston, amevaa damu ya mzee ya A&M, na kijana wake anayesoma Texas, chungwa tupu. Mama akamkatalia kukaa mbele: "Gari hii haiongozwi na rangi hiyo." Mechi ilipokatika mtoto alikuwa na miaka sita. Njia nzima wanabishana kuhusu teke ambalo yeye halikumbuki! Texas wakashinda 17-7. Kurudi, kijana alikaa mbele na mama hakusema kitu. Foleni ya kutoka pale sitaki hata kuikumbuka.

Mama_Lawrence:
Mimi natunza wazee, Lawrence, Kansas. Msicheke, ila uhasama wa Kansas na Missouri haukuanzia uwanjani. Ulianza na vita vya mpakani kuhusu utumwa. Agosti 1863 watu wa Quantrill, kiongozi wa wapiganaji waliotetea utumwa, walivuka kutoka Missouri wakauchoma mji huu, wakaua wanaume na wavulana wapatao 150. Missouri walipokwenda SEC 2012, Kansas waliwaaga kwa mpira wa kikapu, 87-86 katika muda wa nyongeza, baada ya kuwa nyuma pointi 19. Nina mzee mmoja anaisimulia kila akioga. Siku moja nilimletea soksi nyeusi zenye mstari wa dhahabu, sijui hili wala lile, kumbe ndizo rangi za Missouri. Akakunja vidole vya miguu, hazikuingia! Septemba 2025 futiboli iliporudi Missouri wakashinda 42-31. Sikuwa zamu, namshukuru Mungu.

Mbio_za_Nyika:
Mimi ni wa Iten, nilikuwa mkimbiaji wa chuo cha pwani ya magharibi, jina nalibana. Kila mtu anaongelea futiboli, lakini mkataba wa futiboli ndio unaotupandisha ndege sisi wa riadha. Zamani tukienda kwa jirani ni basi, tunarudi usiku uleule. Baadaye ikawa ndege mbili na tofauti ya saa tatu. Nilifanya mtihani wa kemia hotelini, msimamizi amekaa kitandani kwa kocha, mimi nimeegemeza karatasi kwenye meza ya kupigia pasi. Nikapata C.

Mbishi_wa_Kudumu:
Mnalia bure. Mwaka 2022 Big Ten walisaini haki za matangazo za zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka saba. Nani angebaki? Na vyuo havijaanza kuhama jana: Southwest Conference ya Texas ilivunjika 1996. Tena Dereva kasema mwenyewe, uhamaji huohuo ndio uliomrudishia mechi yake.

Ngano_za_Pullman:
Mbishi, Dereva karudishiwa Novemba yake. Mimi nimepewa Septemba. Mama Lawrence, mpe pole mzee. Kuna mtu wa Stillwater, chuo cha Oklahoma State, humu? Mlimfunga Oklahoma 27-24 Novemba 2023, naye akaondoka zake SEC. Njoo utuambie mlilala saa ngapi.