Taa ya babu na wimbo wa genge la reli: niuze au niache?

Mjukuu_wa_Genge
Wakuu habari za jioni. Juzi tumefungua sanduku la bati la marehemu babu hapa Buguruni, tangu tumzike hakuna aliyeligusa maana bibi alikuwa hataki hata lisogezwe, sasa bibi naye katangulia ndio wajomba wakasema tugawane vitu. Babu alikuwa mtu wa reli, kaanzia genge la mataruma (vile vipande vinavyolazwa chini ya reli) huko bara, kamalizia stesheni kugeuza njia. Ndani tumekuta taa ya mkono ya mafuta ya taa yenye vioo vya rangi, filimbi, bendera mbili nyekundu na kijani zimeliwa na panya, na tiketi kama arobaini hivi za kadi ngumu, zile ndogo ndogo, kazifunga na rababendi. Mjomba mdogo kashamwita jamaa wa vyuma chakavu, jamaa kaiweka taa kwenye mizani kasema elfu nne. ELFU NNE wakuu.

Sasa nauliza, taa imegongwa E.A.R.&H. ubavuni, ni ya lini hiyo? Na la pili ndilo linaloniuma zaidi, babu akinibeba mgongoni alikuwa anaimba wimbo wa genge, yeye anaita halafu anajiitikia mwenyewe, mimi nimebaki na "eee legeza, eee kaza" tu, maneno mengine yamepotea. Kuna mwenye kuujua?

Kadi_Ngumu
Mkuu mfukuze huyo jamaa wa mizani kwanza halafu tuongee.

Herufi ndio cheti cha kuzaliwa cha vitu vya reli. Ukiona T.R. ni Tanganyika Railways, kabla ya 1948. E.A.R.&H. yaani East African Railways and Harbours, ni kuanzia 1948 walipounganisha na wenzetu wa Kenya na Uganda, hiyo H ni bandari, na 1969 bandari ikatengwa ikabaki reli peke yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, kuanzia hapo ni TRC, Shirika la Reli Tanzania. Kwa hiyo taa ya babu imetengenezwa kati ya 1948 na 1969, ila imeweza kufanya kazi mpaka amestaafu, watu wa reli hawakuwa wanatupa kitu.

Sasa fanya hivi, itazame mchana kile kioo cha kijani. Kama kinaelekea bluu usiseme kimechakaa, ndivyo kilivyotakiwa kuwa. Moto wa utambi ni wa njano, ukipita kwenye kioo cha bluubluu dereva kule mbali anaona kijani. Siku hizi wanaleta za mapambo zenye kijani kama chupa ya soda, ukiwasha utambi rangi inakuwa ya ajabu. Usiisugue na msasa wala steelwire tafadhali, kutu kidogo haidhuru, herufi zikifutika umebaki na kopo. Tiketi nazo usizipige lamination, kila moja itakuwa na tarehe iliyobonyezwa pembeni na tundu la koleo la mkagua tiketi, hivyo ndivyo vitu watu wanavyovitafuta. Bei inategemea umekutana na nani, ila mizani haihusiki.

Angalizo: vitu vya mkononi kama taa na filimbi sawa, lakini ukikuta humo kipande cha taruma au mshikio wa reli usikipeleke kwa mtu wa skrepa, utaulizwa umeng'oa wapi na babu hayupo kukutetea.

Dodoma_Chap
Samahanini lakini mimi nashindwa kuwaelewa mnaolilia yale mambo. Daraja la tatu, watu wamelala mpaka mlango wa choo, kuku wa mtu kakunyia begi, unatoka Dar leo Kigoma utaiona kesho kutwa Mungu akipenda. Leo napanda SGR, treni mpya ya umeme, asubuhi, masaa matatu na nusu nipo Dodoma naingia kikaoni shati halijakunjika. Taa weka sebuleni, ila usafiri ule uende salama.

Binti_wa_Tabora
@Dodoma_Chap kuhusu choo umesema kweli sikubishii 😂 ila SGR haiongei! Mimi nimekulia Tabora, wanaokwenda Mwanza na wanaokwenda Kigoma wote wanapitia kwetu. Treni ya zamani reli zilikuwa vipandevipande, kila gurudumu likivuka maungio linagonga, sasa sisi watoto tulikuwa tunalitilia maneno. Ikiwa tambarare inasema *tutafika-tu-kesho, tutafika-tu-kesho*. Ikipanda mlima inasema *na-cho-ka, na-cho-ka*. Kaka yangu alikuwa anabisha kwamba inasema *mama-kapika-ndizi*, tumegombana safari nzima mpaka Saranda, pale wakaja wauza kuku dirishani ugomvi ukaisha. Hii mpya reli zimechomelewa zikawa kitu kimoja, imekaa kimya kabisa, mtoto ataimba nini hapo?

Mzee_Mtaimbo
Mjukuu, baba yangu mdogo alikuwa genge moja miaka mingi, nami nimewapelekea uji nikiwa mtoto kwa hiyo hili nimeliona. Wimbo ule haukuwa starehe. Watu nane na mitaimbo yao wanasogeza reli iliyokwenda upande, akivuta mmoja peke yake hakuna kinachotokea zaidi ya kuumia kiuno, lazima wavute kwa pumzi moja. Mwimbishaji anaita, wao wanaingiza ncha za mitaimbo chini ya reli wametulia, ile silabi ya mwisho ya kuitikia ndio wote wanajitupa. "Legeza" maana yake toeni mtaimbo, "kaza" maana yake tia. Babu yako alikuwa anakuimbia amri za kazi mgongoni.

Maneno mengine usitafute yaliyo sahihi, hayapo. Mwimbishaji Muha anatia ya kwao, akija Mnyamwezi anabadilisha, siku mshahara umechelewa wanaimba mshahara, siku mnyapara kaamka vibaya wanamwimba yeye kwa kilugha asichokijua, amesimama pale anatikisa kichwa anaona vijana wana morali. Muulize mjomba wako mkubwa, siyo huyo wa skrepa. Usimuulize maneno, mpe kitu kizito anyanyue.

Mjukuu_wa_Genge
Wakuu mrejesho. Kioo ni bluu! Nimeweka utambi mpya nikawasha umeme ulipokatika jana usiku, ukutani kijani tupu, watoto wa jirani wakaja kushangaa. Taa haiuzwi, mjomba mdogo nimempa filimbi na hela ya soda.

Halafu Mzee Mtaimbo shikamoo sana. Nilimwomba mjomba mkubwa tusogeze kabati la bibi, lile la mninga, tukalishika wanne. Akainama, akashusha pumzi, akaanza "eee legeza" kabla hata sijamwuliza. Tumesogeza kabati kutoka chumbani mpaka koridoni kwa beti tatu. Mbili nimezirekodi kwenye simu. Ya tatu mama yangu alikuwa amesimama mlangoni, mjomba akaikatiza katikati akasema hiyo inamhusu mnyapara na mke wake, tutaimalizia siku ya kuhamisha friji akiwa hayupo.