Facebook ya marehemu kaka: tuifute au tuiache?

MamaZuhura, Muheza
Salaam ndugu zangu. Kaka alifariki mwaka jana, lakini Facebook yake bado iko wazi. Juzi siku yake ya kuzaliwa wasiojua wakamwandikia, "Hongera kaka, keki iko wapi?" Mkewe alilia mchana kutwa. Baba mdogo anataka ifutwe, anasema marehemu anahitaji dua, si picha. Mimi nasita kwa sababu ya mama. Hana simu ya kupangusa, kila jioni baada ya magharibi ananiambia, "Hebu nifungulie nimwone." Ipo picha moja kwenye kivuko cha Pangani, upepo umelijaza shati lake, anacheka meno yote nje. Hatuna nakala kokote.

Kibwana_T
Pole sana dada, Mungu amrehemu. Msiifute, ikishafutwa hairudi. Waombeni Facebook waigeuze iwe akaunti ya kumbukumbu. Picha zinabaki, na watu hawakumbushwi tena siku yake ya kuzaliwa. Wakitaka uthibitisho, wapelekeeni cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili.

Mwl. Sanga
Poleni. Simu yake mnayo? Basi pakueni picha kwanza, maana ikishageuzwa hakuna anayeingia tena, hata mwenye nywila. Hiyo ya kivuko mkaisafishe studio, mama awe nayo mkononi. Ila msichelewe kuigeuza hiyo akaunti. Rafiki yangu alipofariki, matapeli waliingia kwenye akaunti yake wakaanza kuomba watu hela: "Nimekwama, nitumie kwa namba hii." Wapo waliotuma. Familia ilipata fedheha juu ya msiba.

BintiShekue
Na sisi tulio hai tujipange. Tangu 2015 Facebook inakuruhusu kumteua mtu wa kuisimamia akaunti yako ukifa. Anaweza kubadili picha ya wasifu na kuweka tangazo juu ya ukurasa, lakini meseji zako hasomi. Nimemteua mdogo wangu na nimemwambia kwa mdomo, asije akashtukia siku hiyo.

MamaZuhura, Muheza
Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Simu anayo wifi, nitamwomba tukae pamoja tupakue. Meseji hatutazigusa, hizo ni zake na mumewe. Tatizo jingine: kwenye cheti limeandikwa jina lake kamili, Facebook alitumia jina la utani. Kuna aliyepitia hilo akafanikiwa?